Kuzima Tochi

"Mbwa mmemwona?"

Hilo ndilo swali pekee aliloniuliza bibi siku niliyorudi nyumbani Nguvumali kutoka mapango ya Amboni. Nilikuwa darasa la tano, magoti yamejaa vumbi la chokaa, na shati la shule limechafuka kiasi cha kustahili bakora. Sikupigwa. Bibi alitaka habari za mbwa. Nikamwambia mbwa hatukumwona, tumeona popo. Akaguna, akarudi kwenye mbuzi yake kukuna nazi, akasema, "Basi aliyewapeleka hajui kazi."

Nilidhani ananitania. Tangu hapo nimeingia pango lile mara nisizozihesabu, nikiwa na wageni, nikiwa na ndugu wa Dar, na mara nyingine peke yangu kwa ajili ya kumsikiliza tu mwongozaji. Sasa najua kwamba bibi alikuwa anatoa hukumu, kama atoavyo mshonaji akishika pindo la nguo iliyoshonwa na mwenzake. Yeye mwenyewe hakuwahi kutia mguu pangoni. Lakini hadithi aliijua inavyokatwa na inavyoungwa, na alijua mara moja kipande kilichosahaulika.

Amboni iko kilomita kama nane kaskazini ya Tanga mjini. Unashika barabara ya Horohoro iendayo Mombasa, kisha unachepuka. Usitarajie mlima. Kuna kilima cha mawe kilichovikwa msitu, mizizi imelikamata jiwe kama vidole vya mtu anayeogopa kuanguka, mto Mkulumuzi unapita chini, na ubavuni mwa kilima kuna mdomo mweusi usio na pambo lolote. Hapo ndipo watu wa mwambao huu walipokwenda kutambika tangu zamani: Wadigo, Wasegeju, Wabondei, na Wasambaa walioteremka kutoka milimani kwao. Ni hekalu ambalo hakuna mwashi aliyelijenga. Watu walilikuta, wakaweka chupa za marashi, sarafu na vipande vya nguo, wakaamini kwamba ndani mna mwenye kusikia. Jina lake ni Mzimu wa Mabavu. Walimwendea kwa maradhi, kwa mikosi, na zaidi ya yote kwa kutafuta mtoto.

(Mimi ni wa Nguvumali, kwa hiyo majina yanayojigamba kwa nguvu hayanishtui. Hata hivyo kila nikifika mbele ya vile vitu najiuliza ni nani aliyemwita Mabavu mwenyeji anayeridhika na yai moja na matone ya marashi.)

Wataalamu wanasema jiwe la Amboni ni la kipindi cha Jurasiki, umri wake miaka kama milioni 150, na kwamba eneo zima la mawe haya lina kilomita za mraba 234. Mapango yaliyohesabiwa ni 10, na wageni hutembezwa katika moja tu. Kampuni ya mkonge ya Amboni ndiyo iliyoyashika enzi za Mwingereza, na mwaka 1963 yakaingia mikononi mwa serikali, chini ya Idara ya Mambo ya Kale. Siku hizi yako chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Namba hizi kila mwongozaji anazo. Anayejua kazi na asiyejua utawatofautisha kwa kuangalia ni saa ngapi wanazitoa.

Aliyetuongoza sisi tukiwa watoto alizitoa zote mlangoni, kwa pumzi moja, kama karani anayeita majina ya wafungwa. Tukaingia mbio nyuma ya tochi yake. Hii sofa, hii meli, huyu mamba, huyu tembo, sogeeni, sogeeni. Tulipotoka tulikuwa tumeoneshwa kila kitu na hatukuwa tumeona chochote. Ndiyo maana sikuwa na jibu la kumpa bibi.

Yule ninayemfuata siku hizi ni mtu wa makamo, mwembamba, msemaji wa chini chini. Sauti yake usingeichagua kwa mhubiri wala kwa mnadi. Wenzake vijana wanamwita Mzee, naye anaitika bila kupinga ingawa mvi zake bado ni za kuhesabika. Ana tochi ya kawaida, ya betri, mfuniko wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nimeona wageni wakija na taa za kufunga kichwani, za bei mbaya, wakamulika pango likawa jeupe kama duka la dawa. Yeye huwaomba kwa adabu wazizime. "Mtaziwasha mkipotea," huwaambia, na wao hucheka, lakini kicheko chenye mashaka kidogo, na huzizima.

Swali lake la kwanza, kabla ya jina na kabla ya tiketi, ni: "Mmetoka wapi?" Nilidhani ni uungwana tu wa Kitanga. Baadaye nikagundua kwamba lile jibu analiweka mfukoni, na atalitumia.

Kisha haingii. Anawakalisha wageni juu ya mawe, pale ubaridi wa pango unapokutana na joto la nje, na anakaa nao. "Tupumzike kwanza. Jua bado limo machoni." Dakika tano, pengine saba. Mtu wa mjini huanza kutazama saa. Lakini atakayengoja huona jambo: lile giza lililokuwa ukuta mweusi linaanza kuwa na vyumba. Kwanza kingo, halafu kimo cha dari, halafu njia inayopinda kulia. Macho yamefunguka yenyewe, bila tochi. Watu wanaingia pangoni wakiwa tayari wameshaanza kuona, na hawajui kama ni yeye aliyewafanyia hivyo.

Sasa tochi. Nimetumia muda mrefu kuutazama mkono wake kuliko kutazama mawe, na ningeomba msomaji anivumilie hapa.

Asiye fundi huinua tochi usawa wa uso na kumulika jiwe kifua kwa kifua. Jiwe likimulikwa hivyo hunyooka, hukosa mikunjo, likawa kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Yeye huishusha tochi hadi usawa wa paja, akaenda hatua mbili pembeni, akaupitisha mwanga kwa ubavu. Kila kijinundu kinaangusha kivuli chake. Hapo jiwe linapata mbavu, linapata shingo. Na mwanga haufiki wote kwa mpigo. Anausogeza polepole kutoka chini, kama mtu anayevuta shuka kumfunua mtoto aliyelala asije akamwamsha, kisha anasimama kabla umbo halijakamilika. Hasemi kitu. Kimya hicho ndicho kigumu kukijifunza. Vijana wake nimewaona wakishindwa: umbo linawawasha ulimi, wanalitaja.

Yeye anangoja. Mwisho mtu mmoja nyuma, mara nyingi mtoto, anapiga kelele, "Tembo!"

"Wapi?" anauliza, kana kwamba hajawahi kumwona.

Basi yule mtoto analazimika kusonga mbele, aoneshe mkonga ulipo, sikio lilipo, na wazima wote wanainama kufuata kidole chake. Tembo amekuwa wa mtoto. Atakwenda naye nyumbani, atamsimulia, na mwakani atarudi na binamu zake kumwonesha tembo wake.

Kuna jiwe ambalo waongozaji wote huliita meli. Siku moja alikuja mvuvi kutoka Pangani, mzee wa watu, ameletwa na wajukuu. Akalitazama, akatikisa kichwa. "Hii si meli. Hili jahazi limepandishwa pwani likalafatiwe." Na kweli: jiwe limelala upande, tumbo limeangalia nje, vile vile kama chombo kilicholazwa mchangani mafundi wakishindilia pamba na mafuta kwenye mianya ya mbao. Mwongozaji alisimama kimya, akahamisha tochi shibiri moja kushoto, mlalo ukaonekana zaidi. Tangu siku ile nimemwona akilimulika kutoka kushoto kila mara. Neno jahazi halitaji. Anangoja kuona kama yuko mtu wa pwani kundini.

Bila shaka fundi wa kwanza wa pale ni maji, na fundi wa pili analijua hilo. Mahali fulani dari inashuka, na kutoka kwenye dari zinaning'inia ncha za jiwe, nyingine nene kama paja, nyingine nyembamba kama mrija wa soda. Vitabu huziita stalaktiti, na zile zinazoota kutoka chini kuelekea juu, stalagmiti. Hapa wengine hutoa somo. Yeye huchagua mrija mmoja, akaumulika nchani, ambapo tone la maji limejikusanya, na kuwaambia watu wangoje lianguke.

Halianguki. Linavimba, linatetemeka, linabeba taswira ya tochi ndani yake kama mboni ya jicho. Watu wanashusha sauti bila kuambiwa. Nusu dakika. Dakika. Likianguka, mlio wake ni mdogo kuliko ulivyodhani, na ni wakati huo tu anaposema: mvua ikinyesha juu ya kilima hupenya udongo, na katika udongo huo hunywa hewa ya kaboni, ile ile inayochemka kwenye soda, ikawa tindikali hafifu. Maji hayo hushuka kwenye nyufa yakilamba chokaa njiani. Yakifika hapa kwenye nafasi, hewa inatoka, maji hayawezi tena kuibeba chokaa yote, yanaacha chembe kidogo ukingoni kabla ya kudondoka. Chembe juu ya chembe. Kwa kawaida ya mapango, mrija kama huu hukua sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, yaani kama sentimita moja kwa karne, na pengine maji yakikauka husimama kabisa.

"Kwa hiyo ulichokiona sasa hivi," humalizia, "ndiyo kazi yote ya leo." Hapo hata mtu mwenye haraka utamwona akiutazama ule mrija upya.

Mimi huwaza jambo jingine. Huwaza kwamba jiwe hili ni la jamii ile ile ya mawe ya chokaa tunayoyasaga kiwandani Pongwe kuwa saruji, tukajengea vibanda vya biashara ambavyo havimalizi miaka ishirini. Jiwe ni lile lile, na sisi ndio wenye haraka. Lakini hayo ni yangu, yeye hayasemi.

Ikifika njia nyembamba, ile ambayo mnene hujuta na mrefu hujikunja, watani hawakosi: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye hutangulia, kisha hugeuka na kumulika sakafu, si nyuso za watu, ili kila mmoja aone mguu wake unapokwenda na asiaibike kwa anavyoonekana akitambaa. "Shika jiwe la kushoto. Si hilo. Hilo bado linakua." Jasho na mafuta ya mkono huziba ngozi ya jiwe, chokaa ikakosa pa kushika. Angeweza kuweka kibao cha marufuku. Lakini ukiambiwa kwamba jiwe linakua, mkono wenyewe unarudi nyuma, kama mbele ya kitoto. Mimi hapo nimewahi kugonga kichwa hadi nikaona nyota, na kosa lilikuwa langu: nilikuwa nautazama mkono wake badala ya kutazama dari.

Kisha mzimu.

Tochi inashuka mpaka karibu na ardhi. Sauti yake, ambayo tayari ni ya chini, inapungua tena. Mwanga unapita taratibu juu ya vitu: chupa za marashi, nyingine zimefunikwa na ukungu mweupe, vipande vya kitambaa chekundu, cheusi na cheupe, sarafu, kifuu cha nazi, majivu ya ubani. Nimechunguza sana vitu vile, na ninachokipenda ni kwamba vimepangwa. Mtu amekuja gizani na shida yake, na bado ameisimamisha chupa wima, na kitambaa amekikunja kabla ya kukiweka. Chupa ya jana iko pembeni ya chupa ya zamani, haiko juu yake. Hakuna anayesimamia mpango huo. Kila ajaye hutazama aliyemtangulia alivyoweka, naye anaendeleza.

Mwongozaji hapa haelezi mpaka aulizwe. Akiulizwa, hujibu kwa ufupi: wanaokuja huweka nadhiri, wakipata walichoomba hurudi kuiondoa. Hamwiti mtu mshirikina, ingawa mwenyewe ni mtu wa swala tano na maoni yake, nadhani, anayo. Wala hampigii debe Mabavu. Siku moja tulikuta akina mama wawili, mmoja mzee, mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni, wameinama mbele ya chetezo. Kundi letu lilikuwa na watu wapatao kumi, simu mikononi. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, tukasimama kwenye giza la ujia, akasema tu, "Tumpishe mwenye haja." Tulisimama hapo mpaka mtoto akapiga chafya kwa moshi wa ubani, bibi yake akacheka, na ule ukimya ukaisha wenyewe. Walipopita kutoka, yule mama kijana alimsalimu, "Shikamoo baba," naye akaitikia "Marahaba mwanangu, poleni na safari." Basi. Hakuna aliyepiga picha.

Watu wa huku si peke yao. Pango la Kuumbi, kule Jambiani Unguja, nalo lina mzimu wake na sadaka zake, na Shimoni, ng'ambo tu ya mpaka wa Kenya, vivyo hivyo. Na Lourdes, Ufaransa, kwenye pango ambalo mwaka 1858 binti aitwaye Bernadette alisema ametokewa na bibi mwenye vazi jeupe, mishumaa haizimiki mpaka leo. Mwanadamu akiona jiwe lililofungua kinywa, huona vibaya kupita bila kusema neno.

Sasa mbwa wa bibi.

Mahali anapomsimulia mbwa pamechaguliwa. Si penye nafasi, ni penye dari ya chini, ambapo ujia unaendelea mbele lakini wageni hawaendi. Anamulika ule ujia, mwanga unakwenda, unakwenda, unamezwa. Hapo ndipo anaposema: wazee wanasema Wazungu wawili waliingia na mbwa wao. Waliingia hapo. Hawakutoka. Siku zikapita, wakatafutwa, wakakosekana. Mbwa akaonekana.

Wapi? Hapa ndipo lile jibu la mlangoni linapotoka mfukoni. Mkiwa mmetoka Mombasa, mbwa alionekana Mombasa. Mkiwa wa Moshi au Arusha, alitokea miguuni mwa Kilimanjaro. Nilipomsikia mara ya kwanza akibadilisha nilitaka kumkamata kwa uongo. Lakini masimulizi yote mawili yako mitaani, yamekuwapo kabla yake, na yeye kila mara huanza na "wazee wanasema." Nikaanza kumsikiliza kwa sikio la sarufi, nikakuta ana vitenzi vitatu na havichanganyi: nimeona, imepimwa, wanasema. Tone la maji ameliona. Umri wa jiwe umepimwa. Mbwa anasemwa. Najua waandishi wa magazeti, mimi nikiwamo, ambao hatujaufikia uangalifu huo.

Na kwa nini mbwa? Kwa nini si mmoja wa wale Wazungu, aliyetoka na kusimulia yote? Kwa sababu angesimulia yote. Hadithi ingekwisha. Mbwa ni shahidi aliyefika mwisho wa njia na hana maneno. Anathibitisha kwamba njia ipo, na siri inabaki ilipokuwa. Aliyemtia mbwa katika kisa hiki, awe nani, alikuwa bingwa.

Wala hakuokota mbwa huyo jalalani. Mtoto yeyote wa chuoni Tanga amesikia kisa cha Ashabul Kahfi, wale vijana waliokimbilia pangoni na imani yao wakalala miaka 309, na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Hata pale, idadi ya waliolala imeachwa kwa Mwenyezi Mungu, watu wakabishana kama ni watatu, watano au saba, lakini mbwa yumo katika kila hesabu. Na ukipanda kutoka hapa hadi Usambara, utamkuta tena. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa liwali wa Tanga, aliandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwa sehemu na wamisionari wa Msalabani, Magila, na kutolewa upya mwaka 1962. Mwanzo wa ufalme wa Vuga katika kitabu hicho ni mtu mmoja, Mbegha, mwindaji aliyeondoka kwao Nguu kwa sababu alizaliwa kigego, meno ya juu yakitangulia, na ndugu hawakumtaka. Alifika milima ya Wasambaa bila jeshi. Alikuwa na silaha za kuwindia na mbwa, akilala mapangoni, akiua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu. Watu waliona moshi, wakapanda kumtazama. Akawapa nyama, wakampa chakula cha shamba. Baadaye aliua simba, na katika karne ya 18 ukoo wake ukaanza kutawala.

Nimelisoma fungu hilo la liwali mara nyingi kwa jicho la wivu. Angeweza kumwingiza mfalme kwa ngoma na vita. Amemwingiza kwa moshi unaoonekana kwa mbali, mbwa, na mtu anayebadilishana nyama kwa unga. Msomaji ndiye anayetangulia kuona kwamba huyu atatawala, kabla Wasambaa wenyewe hawajajua. Ni tochi ile ile, iliyoshikwa usawa wa paja.

Baada ya mbwa huja Osale Otango, na hapo mwongozaji hupita haraka, kwa haki. Miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau Kenya, Otango na mwenzake Paulo Hamisi waliwasumbua matajiri wa mashamba huku Tanga, na mapango yakawa maficho yao. Wengine humwita mwizi, wengine mpigania uhuru, na wageni hupenda kulibishania hilo. Yeye huwaonesha nyufa mbili tatu ambazo mtu angeweza kuponyokea, kisha husonga. Nadhani ana sababu. Februari 2015 askari walipambana kwa risasi na watu wenye silaha katika eneo hili hili la Amboni, na kwa muda jina la mapango likawa habari ya kutisha badala ya kuwa matembezi ya shule. Aliyeishi karibu na milio ile hana hamu ya kuipamba habari ya mtu aliyejificha na bunduki.

Na hatimaye jambo ambalo ndilo hasa hunirejesha. Karibu na kutoka, anawakusanya watu, anawaambia washike ukuta usiokua au bega la mwenzao, na anazima tochi.

Giza lile si la usiku. Usiku wa Tanga, hata umeme ukikatika Nguvumali nzima, kuna nyota, kuna sigara ya mtu, kuna mwanga wa meli bandarini. Hapa unaweka mkono mbele ya pua na mkono haupo. Kwanza watu wanachekacheka. Kisha wananyamaza. Kisha unaanza kusikia: popo wakijipangapanga juu, pumzi za watu, na mahali fulani lile tone. Nimehesabu mara kadhaa na haizidi dakika moja na nusu. Akizidisha, mtoto atalia na hofu italiharibu jambo lote. Akipunguza, inakuwa mchezo tu. Anajuaje? Nilimuuliza. Alisema anasikiliza pumzi. Mwanzo kila mtu anapumua kivyake, baadaye zinafanana, na zikishafanana anawasha.

Anapowasha, huwasha kuelekea ukutani nyuma yake. Kinachorudi kwa watu ni mng'ao tu wa jiwe, rangi ya chai ya maziwa, na nyuso zinaonekana moja moja. Sijaona mtu aliyeongea kwa sauti katika dakika inayofuata.

Ni nje sasa, kwenye jua, watu wakipangusa magoti, ndipo anapotoa lile la kupimwa. Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango haya, na refu kuliko yote lina mita 900. Halifiki Mombasa. Halifiki Kilimanjaro. Anasema bila kucheka na bila kuomba radhi, kama muuza samaki anayekuonesha mizani baada ya kukuchagulia. Daima yupo wa kuuliza, "Sasa yule mbwa?" Naye hujibu, "Hao wazee hawakuwa na futi kamba," na anaishia hapo. Nimewasikia watu wakibishana habari ya mbwa mpaka kwenye daladala.

Mara ya mwisho nilikwenda Jumamosi moja asubuhi, na kundi letu lilipotoka lilikuta jingine linangoja kivulini, familia ya watu saba, mtoto wa mwisho amebebwa begani. Mwongozaji alikunywa maji, akajipangusa vumbi la chokaa viwikoni, akaenda kukaa nao juu ya mawe.

"Mmetoka wapi?"

"Moshi," akajibu baba mtu.

Akatikisa kichwa taratibu, akafungua ule mpira wa baiskeli, akaanza kuangalia betri.